Je, Wajua? Kioo Kwanza, Kadi Baadaye

Je, wajua kwamba monita mbili za inchi 19 zinaweza kutofautiana ukubwa? Ingia dukani na tepu ya fundi cherehani ujionee. Inchi za kioo hupimwa kimshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Vile vioo vya zamani vinavyokaribia mraba, ambavyo bado utavikuta kwenye kaunta za ofisi nyingi, vina upana wa sentimita 37.7 na kimo cha sentimita 30.1. Kioo kipana cha leo, cha inchi 19 hizohizo, kina upana wa sentimita 42, na kimo chake hakifiki 24. Piga hesabu ya eneo, utakuta mzee amemshinda kijana kwa asilimia 14. Anayenunua kioo kwa inchi bila kuuliza umbo ni kama anayenunua kitambaa kwa mita bila kutazama upana wa jora.

Nimeanza na kioo makusudi, kwa sababu watu wengi huanza na kadi. Mpwa wangu ni mmoja wao. Alinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, kiboksi chembamba kilichomaliza utumishi wake ofisini ng'ambo, chenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012. Yeye hukiita kiboksi kizima "CPU", kama wanavyokiita wengi mjini. Akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nataka kuweka kadi ya grafiki, nicheze gemu na kuhariri video za harusi. Ninunue ipi?" Nikamuuliza atatumia kioo gani. Kimya. Kisha akasema, "Chochote nitakachopata."

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kazi ya kadi ya grafiki ni kupaka rangi nukta za kioo, zile ziitwazo pikseli, kisha kuzipaka upya, tena na tena, mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kioo cha 1366 kwa 768, kama cha laptopu nyingi za zamani, kina pikseli 1,049,088. Cha 1920 kwa 1080 kina 2,073,600, yaani karibu mara mbili. Cha 2560 kwa 1440 kina 3,686,400. Kile cha 4K, 3840 kwa 2160, kina 8,294,400. Sasa zidisha kwa 60. Kioo cha 1080 kinadai kadi ipake nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde. Cha 4K kinadai karibu milioni 498. Kadi ndogo inayocheza gemu la mpira vizuri kabisa kwenye kioo cha kwanza itahema kwenye cha pili, na mwenye kadi atailaumu kadi. Kumbe aliiongezea mzigo mara nne siku aliyonunua kioo.

Na katika mamilioni yote hayo ya nukta, je, wajua kwamba hakuna hata moja ya njano? Kila pikseli ina vijitaa vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Fungua picha nyeupe kwenye simu yako, chovya ncha ya kidole kwenye maji, dondosha kitone kidogo sana juu ya kioo, kisha sogeza jicho karibu. Kitone hicho kitakuwa lenzi, na utaviona vijitaa vyenyewe. Njano ni nyekundu na kijani vikiwaka pamoja, jicho likadanganyika. Kwa hiyo mshabiki wa Yanga anayetazama mechi kwenye monita ajue kwamba njano ya jezi yake imechanganywa na nyekundu ya Simba. Sijasema mimi, ni fizikia.

Tukiwa bado kwenye kioo: fuwele-maji, kile kitu kilichomo ndani ya monita zote za LCD, kilianza kutambuliwa kwa msaada wa karoti. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa Prague akichunguza kemikali za jamii ya kolesteroli alizozitoa kwenye karoti. Akaona jambo la ajabu: moja ya kemikali hizo iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kimiminika chenye ukungu, halafu kwenye nyuzi 178.5 ikayeyuka "mara ya pili" ikawa safi kama maji. Kitu chenye viwango viwili vya kuyeyuka! Akamwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, na huyo ndiye aliyekichunguza na kukipatia jina. Hakuna aliyewaza gemu.

Muuzaji akikwambia, "Hii si LCD, hii ni LED," mwache aendelee na biashara yake, ila ujue kwamba monita nyingi ziitwazo LED ni LCD ileile. LED ni taa iliyo nyuma yake.

Haya, twende kwenye kadi. Je, wajua kwamba jina la kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii lina kijicho ndani yake? NVIDIA ilianzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, waliokuwa wakikutana kupanga mambo yao katika mgahawa wa Denny's huko San Jose, California. Huang mwenyewe aliwahi kuosha vyombo katika tawi jingine la mgahawa huo alipokuwa kijana. Jina walilichukua kwenye neno la Kilatini invidia, lenye maana ya wivu, na ndani ya neno hilo mna kitenzi cha kutazama. Waswahili tuliona jambo hilohilo bila kufundishwa Kilatini: anayekuonea wivu ana kijicho. Na nembo ya kampuni? Jicho. Mpinzani wake, Radeon, ni mtoto wa kampuni ya Kanada iliyoitwa ATI, ambayo AMD iliinunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4.

Lakini jina la kadi si jambo la kwanza la kusoma. La kwanza ni kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Nilimwambia mpwa wangu azime kompyuta, achomoe waya ukutani, afungue kifuniko, apige picha ya lebo hiyo anitumie. Ikaja picha yenye vumbi la miaka kadhaa na alama ya kidole gumba. Pale chini pameandikwa wati 240.

Je, wajua kwamba sloti ya kadi yenyewe hutoa umeme? Sloti ndefu ya PCI Express imeruhusiwa kuilisha kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya: wa pini sita huleta wati 75 nyingine, wa pini nane huleta 150. Pawasaplai za viboksi vyembamba vya ofisini mara nyingi hazina nyaya hizo kabisa, na baadhi zina umbo na plagi za peke yake, kwa hiyo huwezi kuchomoa ukaweka ya dukani. Ukiziunganisha kwa adapta za kienyeji unacheza na moto, na hapo sitii chumvi. Hesabu ya mpwa wangu ilikuwa hivi: prosesa wati 77, kadi isizidi 75, diski, feni, ramu na ubao mama tuseme 40. Jumla haifiki 200. Ndani ya 240 inakaa, na inabaki nafasi ya kupumua. Kwa hiyo swali halikuwa tena "kadi gani nzuri" bali "kadi gani nzuri isiyodai waya wa ziada na yenye kimo kifupi cha kuingia kiboksi chembamba". Kutoka mamia ya kadi tukabaki na nne au tano: GT 1030 inayokula wati 30, RX 6400 yenye 53, GTX 1050 Ti na baadhi ya GTX 1650 zenye 75, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 yenye 70.

Nimeitaja hiyo "ya gigabaiti 6" kwa makini, maana hapa ndipo majina yanapokuwa mtego. RTX 3050 ya gigabaiti 8 ina viini 2560 na hula wati 130. Ya gigabaiti 6 ina viini 2304. Mtu anadhani ananunua kadi ileile yenye ghala dogo kidogo, kumbe ni kadi nyingine. GTX 1060 nayo hivyohivyo: ya gigabaiti 6 ina viini 1280, ya gigabaiti 3 ina 1152. Ila ninayoiona mbaya kuliko zote ni GT 1030. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine yenye jina hilohilo lakini kumbukumbu ya DDR4, inayopitisha 16.8. Theluthi moja! Boksi zinafanana kama pacha, tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Ukiwa dukani, wewe tafuta hizo herufi ndogo. Herufi kubwa zimeandikwa kwa ajili ya muuzaji.

Halafu kuna kadi ambazo hata herufi kubwa ni za uongo. Kwa miaka kadhaa wajanja wamekuwa wakichukua kadi kuukuu kama GTS 450 na GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, wakaandika upya programu iliyo ndani yake ili ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni GTX 1050 Ti. Windows inasoma jina, inaamini. Mnunuzi anasoma jina, anaamini. Gemu ndilo haliamini. Je, wajua kwamba nyingi ya kadi hizo bandia hujisaliti kwa tundu la buluu? Familia ya GTX 10, iliyotoka kuanzia mwaka 2016, haitoi kabisa ishara ya VGA. Ukiona kadi imeandikwa GTX 1050 Ti na nyuma ina lile tundu la VGA lenye matundu 15 na skrubu mbili, rudisha mkono mfukoni. Kipo pia kipimo cha bure: programu ya GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huitazama chipu yenyewe, na ikigundua udanganyifu huandika FAKE mbele ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani. Muuzaji mkweli atakuachia uijaribu.

Na kadi iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali? Septemba 15, 2022, mtandao wa Ethereum ulibadili mfumo wake, na kwa siku moja kazi ya kuuchimba kwa kadi za grafiki ikafa. Kadi zilizokuwa zikihema mchana na usiku zikamwagika sokoni. Mimi sizikatai zote; chipu yenyewe huvumilia. Kinachochakaa mapema ni feni na ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma, na vyote viwili fundi anavibadilisha. Zungusha feni kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza kwenye ekseli yake, punguza bei. Ila angalia usije ukauziwa P106-100. Hiyo ni ndugu wa GTX 1060 aliyezaliwa kwa ajili ya uchimbaji tu. Igeuze utazame nyuma: haina hata tundu moja la kuchomekea kioo.

Sloti nayo ina mambo yake, lakini haya ni machache. Kadi mpya huingia kwenye sloti ya zamani na ya zamani kwenye mpya. Viwango vya PCI Express vinaelewana. Tofauti ni upana wa njia. Sloti ndefu ina njia 16, mara mbili ya barabara ya Kimara kwenda Kibaha. RX 6400 hutumia nne tu. Kwenye kompyuta mpya yenye toleo la 4.0 njia hizo nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na mambo huenda. Kwenye toleo la 3.0, kama kompyuta ya mpwa wangu, ni nusu yake, na gemu likijaza gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi hiyo, foleni huanza. Juu ya hilo kadi hiyo haina kitengo cha kubana video wakati wa kuhifadhi, kitu ambacho mhariri wa harusi anakihitaji kila Jumapili. Tukaifuta kwenye orodha. Kadi za Arc za Intel, zilizotoka 2022, hatukuzigusa: zinategemea uwezo uitwao Resizable BAR, na Intel yenyewe hupendekeza prosesa za kizazi cha kumi kuendelea. Hii yetu ni ya kizazi cha tatu.

Je, wajua kwamba tundu la VGA ni la mwaka 1987? IBM ililitoa pamoja na kompyuta zake za PS/2, likilenga kioo cha 640 kwa 480, na hadi leo linaendesha projekta za makanisa na kumbi za mikutano. Lakini hupeleka picha kama wimbi la umeme, si kama tarakimu, ndiyo maana waya mrefu au mbovu huleta kivuli pembeni mwa herufi. Ukiweza, liache. HDMI ya toleo la 1.4 hupeleka 4K mara 30 tu kwa sekunde, ambapo hata mshale wa kipanya unaonekana kusitasita. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 ndilo lililofikisha 60. DisplayPort ya 1.2, ya mwaka 2010, ilikuwa imeshafika huko. Na adapta si za kugeuza upande upendavyo: ya bei rahisi hutoa DisplayPort ya kompyuta ikaingia HDMI ya kioo, lakini haitoi HDMI ikaingia DisplayPort. Kwa safari hiyo inahitajika adapta yenye chipu, na mara nyingi hutaka kulishwa umeme wa USB. Vijana wengi wamepoteza pesa hapo.

Jambo moja la kuudhi kuhusu monita mpya. Umefungua boksi, ukaona kinukta kimoja kinawaka daima, mfano wa nyota iliyokwama. Unarudi nayo dukani, unaambiwa, "Hiyo ni kawaida." Huenda muuzaji hakosei. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2, ambacho wenye viwanda walikitumia kwa miaka, kiliruhusu kioo cha daraja la pili kuwa na nukta mbili zinazowaka daima na mbili zilizokufa kwa kila pikseli milioni moja, bila kuhesabu kasoro za vijitaa kimojakimoja. Kioo cha 1080 kina milioni mbili na ushei. Kwa hiyo usingoje kufika nyumbani. Omba kiwashwe palepale, ufungue picha nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu, na ukikague polepole kama unavyokagua mchele.

Nilimkumbusha pia mpwa wangu kwamba kadi haiponyi kila ugonjwa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kuendelea. Hapo hakuna kadi itakayomsaidia. Akasema, "Mjomba, acha kwanza nicheze."

Mwishowe akachukua GTX 1650 fupi iliyotumika, na monita mpya ya inchi 24, 1080, ambayo boksi lake limeandikwa 100 Hz. Siku ya tatu akanipigia akilalamika: gemu linakwama vilevile, hela imekwenda bure. Nikamwambia apinde mgongo nyuma ya meza anieleze waya wa kioo umechomekwa wapi. "Kwenye CPU," akasema. Wapi kwenye CPU? Juu, karibu na matundu ya USB. Huo ni ubao mama, si kadi. Kadi iko chini, imelala. Alikuwa ameilipia mashine moja akaiweka ikae bure, huku picha zikitolewa na chipu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ileile ya mwaka 2012. Akahamisha waya. Nikasikia "aah" moja ndefu.

Bado hatujamaliza, nikamwambia. Fungua mipangilio ya kioo. Akakuta imewekwa 60 Hz. Kioo cha 100 kilikuwa kikitembea kwa 60 tangu kitoke kwenye boksi, na kama asingefungua pale kingetembea hivyo mpaka kife. Hz moja ni kioo kupakwa upya mara moja kwa sekunde: kwa 60 unasubiri milisekunde 16.7 kati ya picha na picha, kwa 100 unasubiri 10. Akasogeza kipanya, akacheka peke yake.

Jioni akanitumia picha ya orodha ya namba zilizomo kwenye mipangilio hiyo. "Mjomba, nimeelewa 100. Nimeelewa 60. Hii 50 ni ya nini? Na hii 59.94 ni nani aliyeivunja?"

Nikamwandikia kwamba 50 ni ya umeme kama wetu. Televisheni za mwanzo zililinganishwa na mapigo ya umeme wa nchi, na umeme wa Ulaya, kama wa Tanzania, hupiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani hupiga 60. Lakini mwaka 1953 Wamarekani walipotaka kuongeza rangi kwenye matangazo bila kuwatupia watu televisheni zao za nyeusi na nyeupe, ishara ya rangi ilikuwa inagongana na ile ya sauti. Wahandisi wakapunguza mwendo kidogo tu, sehemu moja kati ya 1001, ili zipishane. 60 ikawa 59.94, na kompyuta zikairithi kutoka kwa televisheni.

Akajibu baada ya dakika mbili: "Kwa hiyo hiyo 0.06 yangu iko Marekani tangu 1953?"